Waacheni Wenye Ualbino Waseme

Lipo jambo linaloniudhi na sitalinyamazia. Binti mwenye ualbino anafungua laivu TikTok, anauza vitenge vyake, hajamkosea mtu. Mara komenti zinamiminika: "zeruzeru", "dili hilo", na mengine ambayo kalamu yangu inakataa kuyaandika. Ulimi hauna mfupa, walisema wazee. Siku hizi vidole navyo havina haya.

Hivi ninyi mnaotukana, aliyemuumba yeye siye aliyewaumba ninyi? Hujafa hujaumbika! Wala msiniambie ni utani. Katika nchi ambayo mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino aliibwa kwao Muleba, Kagera, akauawa, kumwita mtu "dili", yaani bidhaa ya kuuzwa, ni kumtishia roho yake.

Nawe binti yangu, hongera kwa moyo huo. Al-Shaymaa Kwegyir aliingia bungeni mwaka 2008, na mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini wakamchagua Salum Barwany, wote wawili wenye ualbino kama wewe. Nchi iliyowasikiliza hao itakusikiliza nawe. Ila akutukanaye hakuchagulii tusi, basi usipoteze pumzi kumjibu. Kujibiwa ndicho anachotafuta. Mpe ndugu unayemwamini kazi ya kusimamia komenti, azichuje, na mtukanaji amfungie asiingie tena. Usionyeshe mtaa wenu wala mlango wa nyumba, wala usitaje jioni utakuwa wapi. Na kabla tusi halijafutwa, lipige skrinshoti yenye jina la akaunti na tarehe.

Hapa siwezi kuwapita ninyi watu wazima wa magrupu ya ukoo. Asubuhi mnatuma aya na "Bwana asifiwe", mchana mnasambaza video ya binti huyo akilia, eti "jamani mmeona?" Tumeona nini, kama si ninyi kulibeba tusi hilo nyumba kwa nyumba? Kisha mtoto wenu akitukana wenzake darasani, mnamlaumu mwalimu. Asiyefunzwa na mamaye mnajua atakakofunzwa.

Sheria tunayo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumsumbua mtu mtandaoni kwa nia ya kumtisha au kumtia simanzi; faini haipungui shilingi milioni 5, kifungo hakipungui miaka 3, au vyote viwili. Basi enyi jamaa zake, msimwache aende kituoni peke yake. Fuataneni naye watu wawili watatu, skrinshoti mkononi, na askari akimwambia azime simu akalale, kaeni hapo hapo mpaka mpewe RB, yaani namba ya kuthibitisha kuwa mmeripoti.