Tembo la mnazi na ndovu wa chupani

Ndugu zangu wa Kombani na jirani zao, leo nataka tuzungumze juu ya nasaba ya pombe. Msishtuke. Sisemi tuinywe, nasema tuijue, kwani nasaba hiyo inatuchezea akili.

Wageni wa Kijerumani wanaokuja Diani kupunga upepo wanatoka nchi ambako kiwanda cha bia huhesabiwa umri kama ukoo wa kifalme. Kile cha Weihenstephan, huko Freising, kinajinadi kwamba kilianza mwaka 1040, kwa idhini waliyopewa watawa wa pale. Kumbe wanahistoria wameichunguza hati yenyewe wakaiona ya kughushi, iliyoandikwa karne nyingi baadaye! Hata hivyo 1040 ingali inachapwa, maana inauza.

Kenya nayo ina hadithi yake. Mwaka 1922 walowezi wawili, George na Charles Hurst, ndugu wa damu, walianzisha kiwanda cha bia Nairobi, na mwezi wa Desemba makasha kumi ya kwanza yakapelekwa Hoteli ya Stanley. Mwaka uliofuata George akauawa na ndovu mawindoni, na bia ikapewa jina la Tusker, kwa ajili ya zile pembe. Watu wa bara humwita mnyama huyo tembo. Sisi wa pwani, tembo tunalolijua halina mkonga.

Tembo letu halina mwaka wala mwasisi. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni na kotama yake, akalikata karara, akatundika kibuyu. Likitoka ni tamu. Likilala ni kali. Likiachwa zaidi huwa siki, na siki hiyo imo katika achari zetu, hatuioni vibaya.

Simtetei mgema. Kinacholevya ni haramu, kiwe cha kibuyu au cha chupa. Lakini msako ukija hubebwa madumu yake, na mawaidha yetu nayo mengi humwangukia yeye, ilhali bango la bia limesimama barabarani na sote tunapita chini yake kimya. Sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliruhusu hata chang'aa, ilimradi itiwe chupani na ipate leseni. Kileo ni kilekile, chombo tu ndicho kilichopata heshima.

Kuna jambo jingine tusilolipima. Karara lililogemwa halizai dafu wala nazi, na kila mgema analijua hilo kuliko khatibu yeyote. Ila tembo humpa pesa jioni ileile, na karara likiachwa lizae, nazi zake husubiriwa karibu mwaka mzima. Kwa hiyo anayetaka mgema ashuke mnazini, na amwambie kwanza watoto wake watakula nini mwaka huo.