Tuwaachie Vijana Waulize

Kijana wa Kikatoliki husoma mafundisho ya komunyo ya kwanza, akasoma ya kipaimara, akajibu maswali ya askofu, na masomo yake ya dini yakaishia hapo. Miaka kumi baadaye ana shahada ya uhasibu, lakini imani yake ingali na majibu ya darasa la sita. Mwenzake kazini akimuuliza kwa nini anaungama kwa padre, au mbona hatafuti mafuta ya upako kama wengine, huchekacheka na kubadilisha mada.

Wanaosema vijana hawa wamepoa wanakosea. Wanauliza sana, ila wanaiuliza simu. Sisi tuliowalea tumewapa kazi: kwaya, kupanga viti, kukusanya michango.

Mahali pa kuzungumzia papo. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji, ili waamini walio majirani wasikilize Neno la Mungu pamoja na kuyatazama maisha yao kwa mwanga wake. Hudhuria leo jumuiya nyingi uone: sala, somo, tafakari ndefu ya mzee mmoja, kisha matangazo na michango vinamaliza muda uliobaki. Kijana aliyekuja na swali lake la uchumba anarudi nalo nyumbani.

Hatuna haja ya kubuni njia mpya. Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanzisha chama cha vijana wafanyakazi Wakatoliki mwaka 1925, aliwataka vijana wa viwandani waeleze yanayowapata kazini, wayapime kwa Injili, kisha waazimie la kufanya. Ona, Amua, Tenda. Papa Yohane XXIII aliipendekeza njia hiyo katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961, na wana TYCS wetu, yaani wanafunzi vijana Wakatoliki wa Tanzania, wanaifahamu vizuri. Nguvu yake imo katika hatua ya kwanza, ambayo ndiyo tunayoiruka. Msichana akisema bosi wake anamtaka aandike risiti ya uongo, tusikimbilie amri ya nane. Tumsikilize kwanza: kodi ya chumba anailipaje, nyumbani nani anamtegemea, waliokataa kabla yake walipatwa na nini. Biblia na Katekisimu vikifunguliwa baada ya hapo, vinamkuta mtu anayehitaji jibu.

Wapo mapadre wanaohofu kuwa mazungumzo ya wazi yatazaa uzushi. Hofu hiyo si ya bure. Kikundi kisicho na mtu aliyesoma hugeuka kijiwe. Basi aandaliwe mwongozaji anayeijua Katekisimu na anayejua kunyamaza (hili la pili ni gumu zaidi, hasa kwa makatekista hodari). Kunyamaza huko kuna sababu: katika wosia wake wa kitume Christus Vivit wa mwaka 2019, Papa Fransisko alitahadharisha juu ya malezi yanayowalimbikizia vijana mafundisho hadi wakachoka. Ni kweli, ingawa wengi wa kwetu hawajalimbikiziwa lolote tangu kipaimara.

Ombi letu kwa maparoko na viongozi wa jumuiya ni dogo: watengeeni vijana Jumapili moja kila mwezi baada ya Misa, wakae wachache wachache, wasizidi kumi na wawili kwa kikundi. Na siku hiyo daftari la michango libaki ofisini.