Matairi ya pikapu Pemba: Bei ndogo, hatari kubwa

MVUA za masika zinapoanza kisiwani Pemba, suala la matairi ya pikapu zinazobeba abiria na karafuu hugeuka kuwa suala la uhai. Hata hivyo, wapo wamiliki wanaolitazama kwa jicho la bei pekee.

Ugumu unaanzia kwenye ardhi yenyewe. Magharibi ni vilima vya udongo ambao ukilowa huteleza, na huhitaji tairi lenye kashata ndefu. Mashariki, hasa Micheweni, ni maweni. Mawe ya matumbawe hukata ubavu wa tairi kabla kashata hazijaisha. Kati yake ipo lami ya Mkoani, Chake Chake na Wete, na gari moja huweza kupita kote huko kwa siku moja. Ndiyo maana tairi la gari dogo, lenye ubavu mwembamba, halifai pikapu ya Pemba hata likiwa jipya.

Kosa kubwa zaidi ni kutosoma maandishi ya ubavuni. Namba 91 inayofuata vipimo vya tairi maana yake ni kwamba tairi hilo hubeba kilo 615; namba 106 ni kilo 950. Anayefunga la kwanza kwenye gari la magunia amekwisha kuukaribisha mpasuko. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT huonesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kwa matairi ya mitumba, tarakimu hizo zina uzito kuliko kashata, kwani mpira huzeeka hata ukiwa umetundikwa dukani. Kampuni ya Michelin hushauri tairi lisitumike kupita miaka 10.

Upepo nao hupimwa asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa kipimo na si kwa teke. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja, hupata joto, kisha hupasuka.

Nyuma ya yote hayo ipo hesabu. Katika utaratibu uliozoeleka, mmiliki hununua tairi, naye dereva huziba pancha na kupeleka fedha ya siku. Dereva akisema tairi limekuwa kipara, mwenye gari husikia ombi la fedha. Akinyamaza, abiria waliokaa kwenye mabenchi ya nyuma hawana njia ya kujua. Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, inahusika na ubora wa bidhaa zinazoingia. Tairi lililokwisha kufungwa garini limebaki mikononi mwa askari wa barabarani na mwenye gari.