Nakala kwa Mteja, Mali kwa Tajiri

Wapo wanaodai kwamba mteja wa kampuni ya Marekani iitwayo 23andMe ndiye mwenye mali, ati kwa sababu anaruhusiwa kupakua faili la chembe zake za urithi. Hoja hiyo ni kiini macho. Faili lile, lenye mistari laki kadhaa ya herufi A, C, G na T, ni nakala tu. Asili yake hubaki katika ghala la kampuni.

Mwezi Machi 2025 kampuni hiyo ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Siri za damu za watu zaidi ya milioni 15 zikanadiwa! Regeneron ilitaja dola milioni 256. Taasisi ya Anne Wojcicki, mmoja wa waanzilishi, ikashinda kwa milioni 305. Wauzaji hawakuwa wale waliotema mate, ambao hata kutema huko walikulipia.

Mwanasheria Mkuu wa California aliwakumbusha wananchi haki yao ya kufuta. Naam, mteja na apakue, kisha afute. Lakini nakala ile humtaja pia ndugu yake wa damu, ambaye hakuulizwa na mtu. Akiipeleka kwingine ovyo kutafuta jamaa, basi naye amekuwa dalali.