Mshahara Umekwama, Ada Haikwami

Sisi ndio wale wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi: mtoto tunamkabidhi kwa dada wa dei kea na chupa ya uji na pampasi mbili, halafu tunakimbilia gari la Kariakoo. Mbagala tupo, Gongo la Mboto tupo, Kimara na Tandika ndiyo usiseme. Mwezi ukienda sawa hutatusikia. Huu haukwenda sawa, na si wa kwanza.

Sababu ni nyingi na zote mnazijua. Kiwanda kimewaambia vibarua wakae nyumbani mpaka wapigiwe simu. Tajiri ameuza daladala bila kumwambia dereva wala konda. Wapo wa Soko Kuu la Kariakoo, ambao moto wa usiku mmoja wa Julai 2021 uliwaacha na funguo za vizimba visivyokuwepo. Na wapo wenzetu wa ofisini ambao kazi wanayo, ila mshahara unachelewa wiki, wiki mbili, na bosi anasema "vumilieni".

Sasa tazama nani anayevumilia. Mwenye nyumba unaweza kumbembeleza. Mangi wa duka ana daftari, anaandika unga na mafuta, anasonga mbele. Luku ikiisha mnalala giza, basi. Dei kea hakuna daftari. Tarehe tano ikipita ujumbe unaingia: "Mzazi mpendwa, unakumbushwa kukamilisha ada." Upendo huo una makali yake, kwani tarehe kumi unafika getini na mtoto unaambiwa, kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, kwamba leo haitawezekana. Wengine wanasikia.

Hapo ndipo panapotuuma. Bili nyingine ukishindwa kuilipa unakosa kitu. Hii ukishindwa kuilipa unakosa na njia ya kuipata pesa. Nani atakwenda kuulizia kazi mtoto akiwa nyumbani? Simama kwenye geti la kiwanda na mtoto wa mwaka mmoja na nusu mgongoni uone mlinzi atakavyokutazama. Kwa hiyo tunalipa ada ili tukatafute pesa ya ada, na ikibidi tunaikopa: kwanza kwenye simu, kisha kikoba, na mambo yakiharibika kabisa, kausha damu. Mtoto wa miaka miwili anadaiwa na watu watatu na hajajua hata kuvaa kandambili.

Wazee watasema, mpelekeni kwa bibi yake. Bibi yuko Lushoto, ana shamba na mgongo unamsumbua. Jirani? Jirani naye anatoka asubuhi. Anayebaki, na hili tunalisema kwa aibu, ni dada yake mtoto, binti wa darasa la nne. "Leo usiende, kaa na mdogo wako." Leo inakuwa Jumatatu, inakuwa wiki. Mwalimu akiuliza, mtoto alikuwa na malaria.

Serikali hatusemi haijafanya kitu. Likizo ya uzazi ni siku 84 kwa mwajiriwa, na elimu bila ada tangu 2016 inaanzia darasa la awali, mtoto akiwa na miaka mitano. Hesabu mwenyewe kilichopo katikati. Kuanzia siku ya 85 mpaka miaka mitano, mtoto ni wako na mfuko wako. Desemba 2021 ilizinduliwa programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, PJT-MMMAM, kifupi ambacho nacho kinahitaji kupumzika katikati. Nia yake ni njema kweli. Lakini maafisa ustawi tunaowaona mtaani wanakuja kukagua uzio, vyoo na cheti cha usajili. Mzazi aliyerudishwa getini hana fomu ya kujaza.

Kuna fao la NSSF la kupoteza ajira, nalo tunalijua: theluthi ya mshahara kwa miezi sita kwa mwanachama aliyechangia miezi 18. Zuri, kwa mwenye mkataba, na kama mwajiri alikuwa anapeleka michango badala ya kuikata tu. Mama lishe achangiwe na nani? Na kazi ikisimama bila kufa, yaani "tutawapigia", utasema umeipoteza?

Wenye vituo nao tuwape haki yao. Mama mwenye kituo analipa pango, maji, chakula na dada wawili ambao nao wana watoto wao. Wazazi kumi tukikosa kulipa kwa mpigo, anafunga. Ila kuna mambo hatumezi. Desemba kituo kinafungwa wiki mbili, ada ni ileile. Mtoto ana tetekuwanga, mmekataza asije, na mko sahihi, ada ni ileile. Foleni ya Mandela imetuchelewesha, faini. Na kwa nini lazima mwezi mzima, tena mapema, wakati pesa yetu wengi inaingia kwa siku? Vituo vinavyopokea kwa siku vipo, buku mbili mbili, lakini nenda ukahesabu watoto waliolala kwenye chumba kimoja na dada mmoja, halafu uje utuambie kama wewe ungemwacha wako.

Mei Mosi ya 2025 kule Singida ilitangazwa kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kitatoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Tulipiga makofi, ingawa wengi wetu si watumishi. Wenye kupandisha bei hawakuuliza nani mtumishi na nani si mtumishi.

Hatuombi bure, jamani. Mtoto aendelee kuingia mwezi ule mmoja tunaohangaika, deni liandikwe, tulipe kidogo kidogo kazi ikirudi. Mangi ameliweza hilo bila semina wala mwongozo wa wizara.

Na kwa mwenye kituo cha mtaa wetu, kama umefika mpaka hapa: Ijumaa tutapunguza. Si yote.