Hesabu ya mpindo isiachiwe wanasayansi peke yao

Aprili 2025 Wizara ya Elimu ya Kenya ilitangaza kwamba hisabati itabaki somo la lazima katika sekondari ya juu, ila kwa sura mbili: ya kina kwa watakaochukua sayansi na ufundi, na ya msingi kwa wengine. Kila mmoja sasa anauliza nani atasoma ipi. Mimi nauliza nini kitabaki katika ile ya msingi, na naitetea mada moja ambayo ni rahisi kuikata kwa kisingizio cha kuwapunguzia watoto mzigo: jinsi ya kuujua ukubwa wa duara zima kwa kupima kipande chake kidogo. Sioni pahali panapofaa kuitetea kuliko Kambu, kwa sababu sehemu hii ya Makueni, kati ya Kibwezi na Mtito Andei, inapitiwa na barabara kuu ya Mombasa na reli mbili: ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, na ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017.

Kanuni yenyewe inajulikana tangu Euklidi. Mistari miwili ikikatana ndani ya duara, vipande viwili vya mmoja vikizidishwa hutoa jibu lile lile la vipande viwili vya mwingine. Basi vuta uzi kutoka ncha moja ya tao hadi nyingine, kama kamba ya uta wa Mkamba, kisha pima pengo lililopo katikati kati ya uzi na tao. Zidisha urefu wa uzi kwa wenyewe, gawanya kwa mara nane ya pengo, nawe umepata nusu kipenyo. Kwa tao lililozama zaidi, ongeza nusu ya pengo. Mafundi wa reli wamekuwa wakikagua mipindo kwa njia hii tangu zamani: uzi wa mita 20 ukiacha pengo la sentimita 5, reli inafuata duara la nusu kipenyo cha mita 1,000; pengo likiwa sentimita 10, ni mita 500 tu, na treni ikitaka kupita kwa kasi ile ile, nguvu ya kuisukuma nje inakuwa maradufu. Reli ya zamani, yenye upana wa milimita 1,000, ilijipinda kukwepa vilima kwa sababu kupasua mlima ni gharama, na safari ya Nairobi ikawa ya takriban kilomita 530. Ya kisasa imenyooshwa kwa matuta na madaraja hadi takriban kilomita 472.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoamua umbo la ubao wa kutelezea thelujini. Ukiutazama kutoka juu, ubao ni mpana nchani na mkiani, umebanwa kiunoni, na kila ukingo ni kipande cha duara. Ukingo unaoshika theluji ukiwa na urefu wa sentimita 120 na mbano wa sentimita 2.25, duara lake lina nusu kipenyo cha mita 8. Punguza mbano huo uwe sentimita 1.8, nalo linapanuka hadi mita 10. Tofauti ya milimita 4 na nusu imebadilisha tabia ya chombo kizima. Mchezaji akiulaza ubao upande, unajikunja mpaka ukingo wote uguse theluji, na mkato wake unazidi kuwa mfupi. Kwa mlalo wa nyuzi 60, zile mita 8 zinakaribia 4. Katika karne ya 19 Sondre Norheim wa Telemark, Norwei, alibana viuno vya skii zake, na miaka ya 1990 kampuni ya Elan ya Slovenia ikazidisha mbano huo na kubadilisha mchezo wote.

Wapo watakaosema theluji haimhusu mtoto wa Kambu. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, aliiwakilisha Kenya katika mbio za skii huko Pyeongchang mwaka 2018, lakini sitegemei mfano wake. Nategemea kigae. Kipande cha mdomo wa chungu kilichookotwa shambani, uzi wake ukiwa sentimita 8 na pengo sentimita 1, kinatoka kwenye chungu chenye mdomo wa sentimita 17. Mtoto anayejua hivyo anaweza kukisoma kigae cha babu zake bila kusubiri mtaalamu.

Hoja nzito zaidi ni kwamba siku hizi mashine hupima yote haya. Ni kweli, na zipime. Ila anayepokea takwimu za mashine bila kuwa na njia yake ya kuzikagua hana budi kukubali lolote analoambiwa, na mkandarasi wa barabara anafurahi sana akikutana na wananchi wa namna hiyo. Kuhusu walimu wanaolalamikia madarasa yaliyofurika na ukosefu wa vifaa, nawaelewa, lakini somo hili linahitaji uzi, rula na kitu cha mviringo. Wala watoto wasipelekwe kwenye reli au kando ya malori. Tangi la maji la shule, gurudumu la baiskeli na sufuria ya jikoni vinatosha. Mtihani wa kitaifa nao uulize swali moja la kipande cha tao lisilo na kitovu, kwa watahiniwa wa sura zote mbili, kwa maana kisichotahiniwa hapa kwetu hakifundishwi.