Mwenye Nguvu Mpishe

Wahenga walituachia methali nyingi za kutufunza maisha, na nyingi katika hizo nimezifundisha darasani kwa moyo mkunjufu. Iko moja, hata hivyo, ambayo siku hizi nikiisikia damu hunichemka: "Mwenye nguvu mpishe." Hapo kale ilikuwa nasaha ya busara kwa mtu aliyekutana na jabari njiani. Katika jiji la Dar es Salaam imegeuka kuwa sheria ya barabara, tena ndiyo sheria pekee inayotiiwa na wote. Gari dogo humpisha daladala, daladala humpisha lori, bajaji hujibanza, bodaboda hupenya anapopata upenyo, na wote hao kwa pamoja hupishwa na mtu anayetembea kwa miguu yake. Yeye hapishwi na yeyote.

Nasema tangu mwanzo ili msomaji asihangaike kunitafuta katikati ya maneno: njia ya waenda kwa miguu ni haki, si hisani. Katika jiji letu haki hiyo imenyang'anywa kipande kwa kipande, na wanyang'anyi wakubwa si wale tuliozoea kuwanyooshea vidole.

Jaribu mwenyewe, ndugu msomaji. Chagua mtaa wowote wa katikati ya mji, au wa Kariakoo, saa nne ya asubuhi, ukajaribu kwenda hatua mia mbili bila kukanyaga lami. Hatua ya kumi utakuta gari limepandishwa magurudumu mawili juu ya njia yako, na dereva hayupo. Ukilizunguka, utakutana na ngazi za duka zilizotoka nje ya mstari wa jengo, zenye vigae vya kuteleza. Baada ya ngazi kuna jenereta. Baada ya jenereta kuna bango la tangazo, na nguzo yake imesimikwa katikati kabisa ya njia, kana kwamba aliyeisimika alipima kwa kamba ili asikosee. Kuna nguzo ya umeme, na ubavuni mwake kisiki cha nguzo ya zamani ambacho hakuna aliyejisumbua kuking'oa. Kuna rundo la kokoto la mtu anayejenga ghorofa. Kuna kijiwe cha bodaboda, meza ya mmachinga, na jiko la mama ntilie lenye sufuria inayochemka. Kisha, pale unapodhani njia imefunguka, kuna shimo la chemba lisilo na mfuniko, kwa sababu mfuniko wa chuma umeshauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu.

Ukimwuliza kila mmoja aliyeweka kitu chake pale, atakujibu: "Mzee, mbona ni kidogo tu?" Na kweli ni kidogo. Lakini tufanye hesabu ya darasa la tatu. Tuseme njia ina upana wa mita 2. Ngazi za duka zimechukua sentimita 60, nguzo imechukua 30, meza imechukua 80. Zimebaki sentimita 30. Huo ni urefu wa rula ya mwanafunzi. Kiti cha magurudumu cha mtu mlemavu kinahitaji si chini ya sentimita 90 ili kipite, na mama aliyebeba mtoto mgongoni na kikapu mkononi hapungui sana hapo. Basi wote hao hushuka barabarani. Hawashuki kwa kukosa adabu, wameshushwa.

Tena tusisahau ni nani tunaowazungumzia. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu katika mkoa wa Dar es Salaam watu milioni 5.38. Wengi wao hawana gari wala hawatarajii kuwa nalo. Kila abiria wa daladala ni mwenda kwa miguu kabla hajapanda na baada ya kushuka. Mtoto wa shule ni mwenda kwa miguu. Mgonjwa anayekwenda zahanati ni mwenda kwa miguu. Hata mwenye gari, akishaliegesha, hutembea. Kwa hiyo tunaposema "waenda kwa miguu" hatusemi kikundi fulani cha watu wanaoomba upendeleo, tunasema wananchi.

Katika Wilaya ya Ilala, si mbali na Kariakoo, iko Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, ambako watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine husoma pamoja na wenzao. Ni shule ya kujivunia. Walimu pale humfundisha mtoto asiyeona kusoma nukta nundu, na kutembea kwa fimbo nyeupe ili ajitegemee. Nauliza: ajitegemee wapi? Fimbo nyeupe humwambia mtoto kwamba mbele yake kuna kitu; haiwezi kumwambia kama kile kitu ni bango, pikipiki au sufuria ya mchuzi wa moto. Wala haigusi bati la kibanda lililochomoza usawa wa uso. Tunamfundisha mtoto kutembea, kisha tunaiziba njia.

Mwenzangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, alitumbukia ndani ya chemba iliyo wazi jioni moja akitoka kusali. Alivunjika nyonga. Aliyekuwa akienda sokoni kwa miguu yake sasa huletewa kila kitu kitandani. Wanawe walipokwenda kulalamika katika ofisi inayohusika, waliambiwa kwamba mzee alipaswa kuangalia anakokwenda. Mtu wa miaka sabini na nane, saa moja usiku, mahali pasipo taa! Jibu lile lilinikera kuliko shimo lenyewe. Shimo ni uzembe, na uzembe hurekebishwa kwa mfuniko. Jibu lile ni fikra, na fikra hiyo ndiyo iliyolichimba shimo.

Fikra hiyo husema kwamba ajali ya mwenda kwa miguu ni kosa lake mwenyewe. Kila mwaka tunaadhimisha Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, tunapiga ngoma, tunahutubia, tunawakumbusha watoto: angalia kulia, angalia kushoto, angalia kulia tena, kisha vuka. Nimelifundisha somo hilo kwa zaidi ya miaka thelathini, na ni somo la kweli. Lakini somo lile lina sharti moja: kwamba mtoto ana mahali pa kusimama wakati anaangalia. Mtoto aliyesimama juu ya lami kwa sababu nyuma yake kuna gari lililoegeshwa na kushoto kwake kuna mtaro, ataangalia kulia na kushoto hata shingo imchoke, na bado atakuwa ndani ya njia ya daladala. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilieleza kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na zaidi ya mmoja katika kila watano ni mwenda kwa miguu. Je, wote hao hawakuangalia kulia?

Sasa niwageukie wale wanaosema kwamba tatizo ni wamachinga, na kwamba wakiondolewa mji utapumua. Sikatai kwamba meza zao huziba njia, nimekwisha kuzitaja. Lakini tuangalie tumewafanyia nini. Tulijenga Machinga Complex pale Ilala, majengo ya ghorofa, na kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vikakaa vitupu, kwa sababu mnunuzi wa soksi hapandi ngazi kutafuta soksi; hununua anapopita. Desemba 2018 tukaanza kuwagawia vitambulisho kwa shilingi 20,000, nao wakaelewa, kama ambavyo mtu yeyote angeelewa, kwamba wamelipia ruhusa ya kukaa popote. Oktoba 2021 tukawaamuru waondoke kando ya barabara, na vibanda vikavunjwa. Kwa muda njia zilionekana. Kisha wengi wakarudi kidogo kidogo, maana njaa haina likizo.

Ninachotaka msomaji akione ni hiki: walipoondolewa wamachinga mwaka ule, je, magari yaliyoegeshwa juu ya njia yaliondolewa? Ngazi za maduka zilivunjwa? Mabango ya makampuni yaling'olewa? Mashimo ya chemba yalifunikwa? Mimi niliyapita mahali yalipokuwa, siku zilezile. Tingatinga lilikuja kwa ajili ya meza ya mbao ya kijana anayeuza vitana, likalipita gari la mkubwa lililoziba njia nzima, wala halikupunguza mwendo. Hapo ndipo nilipoifahamu sawasawa ile methali yetu. Hata katika kusafisha njia, mwenye nguvu alipishwa.

Wengine husema kwamba nchi yetu ni maskini, na mambo ya njia nzuri za miguu ni anasa ya Ulaya. La hasha! Fedha za barabara tunazo. Swali ni tunaanzia upande gani wa barabara. Shirika la Amend limefanya kazi katika shule za msingi hapa Dar es Salaam kwa vitu vya kawaida kabisa: vijia vya miguu, matuta, vizuizi vya kuzuia magari yasipande kwenye kijia, alama za kuvukia, na hata kuhamisha lango la shule lisitazame barabara ya magari mengi. Mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross mwaka 2019. Walichotumia ni saruji, rangi na akili, na hakuna katika hivyo kinachoagizwa Ulaya.

Tena tunayo Barabara ya Morogoro. Ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kubeba abiria Mei 2016, iliwekewa njia pana za waenda kwa miguu pande zote mbili. Jiji letu likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, na tulistahili. Lakini nenda ukatembee pale jioni, wakati foleni imekaza. Bodaboda hupanda juu ya njia hiyo wakiwa na abiria wao, wakipiga honi nyuma ya mgongo wako: "Mzee, pisha!" Kijana yule yule, mkikutana mlangoni kwako, atainamisha kichwa na kusema shikamoo. Adabu tunayo; tumeiacha nyumbani.

Basi jengo peke yake halitoshi kama halina mwenyewe. Nani mwenye njia ya waenda kwa miguu? Barabara kuu ni ya TANROADS, barabara za mitaa ni za TARURA tangu mwaka 2017, nguzo ni za shirika la umeme, chemba ni za mamlaka ya maji, ushuru wa meza na bango ni wa halmashauri, na faini ni ya polisi. Kila mmoja ana sehemu yake, na mwenda kwa miguu hana hata mmoja. Sheria si haba: tunayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na sheria ndogo za kila halmashauri. Tunachokosa ni mtu mmoja ambaye shimo likiwa wazi siku tatu, jina lake ndilo litakaloitwa.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, wala sioni hata moja lililo gumu. La kwanza, kila mtaa wa mji uwe na upana unaojulikana ambao hauguswi na mtu, awe tajiri au maskini. Napendekeza mita 2 pale inapowezekana, na pasipowezekana basi mita moja na nusu. Uchorwe kwa rangi, ili mmachinga naye ajue mahali anapoweza kuweka meza yake bila kufukuzwa, na mama ntilie ajue jiko likae wapi. La pili, usafishaji uanze na vizito: magari, ngazi, mabango na nguzo, kisha ndipo tuzungumze na wenye meza, tena tuzungumze nao kwa kuwapa sehemu zilizo kando ya njia za wapita njia, si ghorofani. La tatu, kila afisa anayehusika na barabara katika halmashauri atembee mtaa wake kwa miguu mara moja kila mwezi, bila gari kumfuata nyuma, akiwa na kalamu na daftari. Nimekagua madarasa miaka mingi. Najua mkaguzi aliyeingia darasani na mkaguzi aliyesoma taarifa akiwa ofisini hawaandiki kitu kimoja.

Methali ya wahenga sitaki ifutwe vitabuni. Nataka igeuzwe barabarani: mwenye nguvu ndiye apishe, kwa kuwa yeye ana uwezo wa kupisha bila kuumia. Gari likikosa mahali pa kuegesha hupoteza dakika kumi. Mtoto akikosa mahali pa kutembea anaweza kupoteza zaidi ya hapo.

Nawe ndugu msomaji uliye na gari, huna haja ya kungoja halmashauri. Kesho utakapofika mjini, ukakuta nafasi imebana, na mkono ukaanza kukuwasha ugeuze usukani upandishe magurudumu mawili juu ya ile njia, tafadhali endelea mbele, ukatafute mahali pengine.